Swali la lugha: Chembe za msingi au vyembe vya msingi?

SWALI: Mwalimu, ninaandaa makala ya fizikia kwa wanafunzi wangu. Nimeandika "vyembe vya msingi vinavyounda maada", mwenzangu akanikosoa: ni "chembe za msingi". Nani yuko sahihi? Na je, protoni niihesabu humo?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, ingawa nawe hukulitoa neno hewani. Kiswahili kina chembe mbili. Moja ni ncha ya mshale, nayo ni ya ngeli ya KI-VI: chembe hiki, vyembe hivi. Nyingine ni punje, kitu kidogo mno, nayo ni ya I-ZI: chembe hii, chembe hizi. Ndiyo hiyo tunayoitaja tukisema fulani hana hata chembe ya huruma, na ndiyo inayotumika katika fizikia. Andika "chembe za msingi zinazounda maada". Epuka pia "chembechembe", maana wanafunzi wameshaizoea katika chembechembe za damu, na hizo ni seli nzima zenye atomi mabilioni kwa mabilioni.

Protoni, mojawapo ya chembe zilizo katika kiini cha atomi, usiihesabu. Neno "msingi" hapa lina masharti: chembe hiyo isijulikane kuwa na sehemu ndogo zaidi ndani yake. Elektroni, iliyogunduliwa na mwanafizikia J. J. Thomson mwaka 1897, inatimiza sharti hilo hadi leo. Protoni ilidhaniwa hivyo kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1964 wanafizikia Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, walipopendekeza kuwa imeundwa kwa chembe ndogo zaidi, ziitwazo leo kwaki. Majaribio yaliyofanyika Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 yakawaunga mkono. Kwa hiyo protoni ni chembe, lakini si chembe ya msingi. Nyutroni, mwenzake katika kiini cha atomi, vilevile.

Hapo kwenye kwaki kuna mtego. Ukiandika "kwaki mbili za juu na moja ya chini", mwanafunzi atachora mbili zimekaa juu ya mwenzao, kumbe juu na chini ni majina tu ya aina, hayaonyeshi mahali. Mimi ningeyaunganisha: "Protoni ina kwaki-juu mbili na kwaki-chini moja; nyutroni ina kwaki-juu moja na kwaki-chini mbili." Majina haya yote, pamoja na elektroni, yapatanishe kwa I-ZI: elektroni hii, elektroni hizi. "Maelektroni" iache kabisa, haihitajiki.