Mke anasoma, mimi nahariri: vitabu vya sauti vya Kitagalog kwa kujitolea

Kaka, umeuliza mambo matatu. Mkeo Mfilipino anataka kuwasomea LibriVox, mradi wa mtandaoni wa vitabu vya sauti vya bure, vitabu vya zamani vya kwao: je, kuna malipo? Vifaa gani vinahitajika? Na wewe, ambaye Kitagalog chako ni cha kuungaunga, utamsaidia wapi? Mke wangu ni mtu wa Batangas, mkoa wa Ufilipino, tunaishi Sharjah, na kazi hii tunaifanya pamoja akishatoka zamu. Naanza na swali la mwisho, maana ndilo zito.

Anzeni kwa kusikiliza kabla ya kurekodi. Pale LibriVox kila faili husikilizwa mwanzo hadi mwisho na mtu asiye msomaji. Anatafuta sentensi iliyorudiwa, mstari ulioachwa, ukimya mrefu katikati, mlango uliobamizwa. Akikuta kitu anaandika dakika na sekunde, msomaji anarekebisha na kupandisha faili upya. Sauti ya mtu haihukumiwi, wala lafudhi yake. Hilo lilimpa mke wangu moyo, kwa sababu lafudhi ya Batangas inajulikana mara tu mtu anapofungua kinywa, na watu wa Manila hawaachi kuitania. Vilevile mkishasikilizia wengine sura kadhaa, mtajua wenyewe makosa hujificha wapi.

Wasikilizaji ndio haba. Kwa Kiingereza wako tele. Kwa Kitagalog faili nzuri inaweza kukaa tu ikisubiri mtu wa kuisikiliza. Na si kila mtu anafaa. Sisi Waswahili mkazo wetu unatulia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kwao mkazo unahama na maana inahama nao, na kwenye chapa hauonyeshwi: «baka» ukikaza mwanzo ni ng'ombe, ukikaza mwisho ni «labda». Nimeishi na lugha hii ndani ya nyumba miaka mingi na bado kuna makosa ambayo sikio langu halinasi. Kwa hiyo wewe chukua upande wa sauti: kelele, ukubwa wa sauti, marudio, mapengo. Maneno yahakikiwe na Mfilipino aliyekulia ndani ya Kitagalog.

Ila kuna sehemu moja ambapo sikio la Mswahili lina faida, nayo ni ushairi. Florante at Laura ya Francisco Balagtas (1838) ni awit: beti za mistari minne, mizani 12 kila mstari, na kituo baada ya mizani ya sita. Korido zao, aina nyingine ya mashairi ya hadithi, zina mizani 8, sawasawa na utenzi wetu. Aliyekua akisikia tenzi atahisi mara moja mstari uliopungukiwa au kuzidi. Msomaji akiona «ako'y» akatamka «ako ay», mizani imeongezeka moja na mstari umevunjika, hata kama kila neno ni sahihi. Mimi huhesabu kwa vidole huku nikisikiliza. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote.

Maandishi mengi tunayatoa Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya bure, na tahajia ni ya kizamani: c na qu mahali pa k, na alama ya wimbi juu ya g. Mwambie mkeo asome sura nzima kimoyomoyo kwanza. Hata mzawa hujikwaa, kwa kuwa shuleni hakufundishwa kuandika hivyo.

Kuhusu haki miliki msilegeze. LibriVox wanafuata sheria ya Marekani: kitabu kinasubiri miaka 95 tangu kichapishwe, kisha kinaachiwa Januari 1 inayofuata. Na tafsiri ina haki yake pekee. Mwandishi Mfilipino José Rizal alichapisha riwaya yake Noli Me Tangere kwa Kihispania mwaka 1887, na kitabu hicho kiko huru zamani. Lakini kwa Kitagalog mnaweza kusoma tafsiri ya Pascual Poblete ya 1909, si ile ya kisasa ambayo mkeo ameihifadhi tangu sekondari.

Vifaa ni kidogo. Maikrofoni ya USB na Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ambayo ni bure. Faili iwe MP3 ya kilobiti 128, hezi 44,100, mono, sauti karibu desibeli 89, na mwishoni muache sekunde tano za ukimya. Kabla ya yote mtatuma jaribio la dakika moja, na watawaambia pa kurekebisha. Adui mkubwa huku Ghuba ni kiyoyozi. Sisi tunazima, mke wangu anasoma ndani ya kabati la nguo mpaka joto limshinde, tunawasha, tunapoa, tunaendelea. Kitabu kirefu tunakisubirisha hadi Desemba.

Malipo hakuna. Tangu LibriVox ianze mwaka 2005 wasomaji wote wanajitolea, na rekodi ikitoka ni mali ya umma: mtu yeyote anaweza kuichukua, hata kuiuza, bila kuwauliza. Kama hilo litamuuma mkeo, ni bora alijue leo. Wangu linamfurahisha, maana mama yake macho yamepungua nguvu na sasa anasikiliza kwa simu.

Kitabu cha kuanzia ningependekeza Urbana at Feliza cha Padri Modesto de Castro (1864). Kimejengwa kwa barua za ndugu wawili wa kike, hivyo kinagawika vizuri, na mkeo anaweza kusoma Urbana huku shoga yake akisoma Feliza. Hata kama kimesharekodiwa, wanaruhusu toleo la pili. Faili ya kwanza ikiwa tayari niandikie hapa, mke wangu atawasikilizia.