Saa Moja ya Mkasi

Wiki hii mmeuliza: "Kazi gani ulikuwa ukiiahirisha, na nini kilikusaidia?" Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Najibu kwa sababu neno "njoo kesho" limetuchafulia jina mafundi, na naamini linaweza kufutika.

Kwa miaka nilidhani mimi ni mvivu wa kushona. Sivyo. Nguo iliyokwisha kukatwa huimaliza siku hiyohiyo. Nilichokuwa nakikwepa ni mkasi. Kitenge cha yadi 6 mtu amekidunduliza, na ukikosea mwelekeo wa maua, ndege wa mbele watasimama na wa nyuma watakuwa kichwa chini. Mahameli ndiyo zaidi: manyoya yasipolala upande mmoja, gauni moja huonekana rangi mbili. Basi kitambaa kilikaa mfukoni na karatasi yake ya vipimo, nami nikawa nabadilisha zipu na kupunguza suruali za watu.

Ramadhani moja, kwenye kumi la mwisho, mama mmoja alifuata magauni ya binti zake watatu ambayo vitambaa vyake alivileta tangu Mlisho, mwezi unaotangulia Ramadhani. Vitambaa vilikuwa bado havijaguswa. Hakugomba. Alivichukua, akasema, "Haya mwanangu, Mungu akusaidie," akaenda zake. Watoto wale walisherehekea Idi na nguo za zamani. Hilo liliniuma kuliko ugomvi wowote niliowahi kugombwa na mteja.

Baada ya Idi niliweka saa. Kila siku isipokuwa Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa moja na nusu, nakata tu. Sishoni, sipimi mtu, na simu inabaki ndani. Asubuhi jua linaonyesha chaki na mkao wa uzi vizuri kuliko taa, na umeme ukikatika haunihusu. Jioni ya kuamkia siku hiyo, nguo ya zamu nimeshaitoa mfukoni. Kama ni pamba inayorudi ikifuliwa, nimeilowesha na kuianika mchana, nimeipiga pasi, nimeilaza mezani na vipimo juu yake. Maandalizi hayo nayaona makubwa kuliko saa yenyewe, maana nikiamka sina cha kuchagua.

Saa hiyo inatosha gauni moja, mara nyingine mawili ya mshono mwepesi. Wapo watakaoona ni kidogo. Lakini sasa nahesabu mifuko na kumwambia mteja siku ya kweli, "Jumatano, baada ya Alasiri," na Mlisho ukiingia, nafasi zikijaa, nasema nimefunga, hata anayebembeleza akiwa jirani.

Wenzangu hunishauri nikate ninapokuwa na moyo. Niliifuata njia hiyo miaka mingi, na moyo ulikuwa ukija usiku wa kuamkia sikukuu, mikono imechoka. Hofu ya mkasi haikuondoka kabla sijaanza. Imepungua kwa kukata kila siku. Mtoto akiugua asubuhi ikanipita, silipi deni kwa kukata saa mbili kesho yake. Narudi saa ileile, basi.

Yule mama hajarudi kibandani kwangu. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, na natamani sana siku moja aniletee tena vitambaa vya binti zake.

Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga