Maswali na majibu: kuanza kazi ya uhandisi na kubadili fani

Wiki hii tumekusanya maswali ya wahandisi wa Dodoma na Singida. Baadhi yao ndio kwanza wamevua joho, wengine wako kazini na wanataka kuhama fani.

Shikamooni. Nimemaliza shahada ya uhandisi ujenzi, niko Nkuhungu. Nyumbani wananiambia nitulie nisubiri ajira za serikali. Nifanyeje?

Marahaba. Omba za serikali, lakini usikae kuzisubiri. Anza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), ujisajili kama mhandisi mhitimu. Kisha tafuta nafasi kwenye mpango wa mafunzo ya vitendo wa SEAP: miaka 3 chini ya mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa. Njia hiyo ndiyo itakayokufikisha kwenye usajili wa mhandisi mtaalamu.

Wengi hukwama kwenye kitabu cha kumbukumbu za kazi. Wanakiacha kitupu miezi mingi, halafu wanakijaza kwa kukisia, na msimamizi wa kusaini ameshahamia mkoa mwingine. Andika kila siku, na msimamizi asaini kila wiki. “Nilisimamia ujenzi” haimwambii mkaguzi chochote. Andika hivi: “Zege la msingi, mita za ujazo 18. Slampu ya gari la kwanza 75 mm, la tatu 160 mm. Nililikataa la tatu kwa sababu dereva aliongeza maji njiani.” Hapo anaona ulichopima (slampu ni kipimo cha ulaini wa zege bichi) na ulichoamua.

Kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea ajira za serikali, makosa yanayoangusha watu ni ya karatasi. Barua ya maombi haijasainiwa. Mtu ameweka matokeo ya muda au hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe. Majina ya cheti cha kuzaliwa hayalingani na ya shahada, na hakuna hati ya kisheria inayoyaunganisha. Hili la majina lishughulikie leo, kabla tangazo halijatoka, maana muda wa maombi hautakusubiri.

Nimeitwa usaili na mkandarasi wa barabara, eneo la Ihumwa. Wataniuliza nini?

Watakuuliza udongo na zege, na watataka kujua kama umevishika kwa mkono. Jiandae kueleza kipimo cha slampu bila kusita: koni ya urefu wa 300 mm, matabaka matatu, kila tabaka linashindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma ya kipenyo cha 16 mm, koni inanyanyuliwa wima, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Jua pia kwa nini matofali ya majaribio ya zege ya 150 mm yanavunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Ya siku ya 7 yanakupa tahadhari mapema, ya siku ya 28 ndiyo yanayoamua.

Kwa Dodoma, tarajia swali la udongo mweusi wa mbuga. Unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huku mvua huja msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu, kwa hiyo barabara iliyojengwa juu ya udongo huo huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Jibu linalotakiwa linaanza na vipimo: kiwango cha unyumbukaji, na CBR, yaani kipimo cha nguvu ya udongo kubeba mzigo, ya sampuli iliyolowekwa siku 4. Baada ya hapo ndipo unazungumzia kuuondoa na kuweka kifusi kizuri, au kuutibu kwa chokaa. Anayekimbilia suluhisho kabla ya kutaja kipimo anaonekana amekariri.

Wakikuuliza kwa nini ushindiliaji umefeli wakati roli imepita mara za kutosha, fikiria maji kwanza. Yakipungua, chembe hazitelezi kuingia kwenye nafasi zake. Yakizidi, maji ndiyo yanayobeba uzito wa roli badala ya udongo.

Nina shahada ya umeme, nipo kiwandani miaka minne, kazi yangu ni mota na paneli za kuongozea mitambo. Nataka kuhamia sola. Nirudi chuo?

Hapana, si sasa. Mota, nyaya, kinga na hesabu za mzigo unazijua tayari, na ndizo sehemu kubwa ya kazi. Unachokosa ni kazi ya sola ya kumwonyesha mwajiri, na hiyo unaweza kuianza kwa kalamu na karatasi. Tunapendekeza pampu ya kisima, kwa sababu mkoa huu una vijiji vingi vinavyotegemea visima virefu.

Chukua kijiji cha watu 800. Kiwango cha usanifu wa maji vijijini nchini ni lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo unahitaji lita 20,000. Tuseme maji kisimani yamelala mita 35 chini, lakini pampu ikifanya kazi yanashuka hadi mita 55. Kutoka usawa wa ardhi hadi mdomo wa tangi ni mita 20, na msuguano wa bomba tuuhesabu mita 5. Jumla ni mita 80. Nishati ya kupandisha maji hayo ni takriban kilowati-saa 4.4 kwa siku. Pampu na mota yake zikiwa na ufanisi wa asilimia 45, unahitaji karibu 9.7. Gawanya kwa saa 5.5 za jua kamili, kisha kwa 0.75 kufidia joto, vumbi na upotevu wa nyaya: unapata kama kilowati 2.4. Paneli sita za wati 450 zinatosha na kubakiza kidogo.

Kosa linaloharibu miradi hii liko kwenye ile mita 55. Mtu anapima kisima kikiwa kimetulia, anaandika 35, na hesabu yote inapungua kwa robo. Siku ya uzinduzi maji yanatoka vizuri, ila baada ya muda tangi halijai na lawama inaenda kwa jua. Dai ripoti ya majaribio ya kupampua kisima kabla hujachagua pampu.

La pili ni volti. Paneli ikipoa volti yake hupanda, na asubuhi za Juni na Julai Dodoma huwa na baridi. Ukipanga paneli nyingi mfululizo hadi ukaugusa ukomo wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uendeshe mota) kwa hesabu ya paneli yenye joto la nyuzi 25, asubuhi kama hiyo inaweza kuiunguza. Acha nafasi.

Andika haya yote kurasa tatu, na mchoro wa waya mmoja (mchoro rahisi wa mfumo mzima wa umeme), uambatanishe na wasifu wako. Na kabla ya kufunga mfumo kwa malipo, shughulikia leseni ya kufunga umeme ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Nimesoma uhandisi mitambo, lakini moyo uko kwenye programu za kompyuta. Je, nimepoteza miaka minne?

Hujapoteza. Waandishi wa programu ni wengi, ila wanaoelewa kwa nini beringi inapiga kelele kabla ya kufa ni wachache. Jifunze lugha ya programu ya Python kwa kuchambua rekodi za mitetemo au za matumizi ya mafuta za mashine unazozifahamu, na ujifunze PLC, kompyuta ndogo za kuongozea mitambo ya viwandani. Ukiingia kupitia mlango huo hushindani na kila mtu.

Kuna kampuni inataka kutumia vyeti vyangu ipate usajili wa ukandarasi. Watanilipa kila mwezi na sitakiwi kufika saiti. Ndugu zangu, nina shida ya hela kweli.

Pole, tunajua hali ya mtaani. Hata hivyo usikubali. Kampuni ya ukandarasi inatakiwa kuwa na mtaalamu kwa sababu kuna mtu anapaswa kuangalia nondo kabla zege halijamwagwa. Mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Likitokea la namna hiyo, atakayetafutwa ni mwenye jina kwenye karatasi, na “sikuwahi kufika” ndiyo kosa lenyewe. Waambie utafanya kazi kweli: mkataba wa maandishi, siku za kufika saiti zimetajwa, na mamlaka ya kusimamisha umwagaji wa zege. Wakikataa, umeshajua walichokuwa wanataka.

Mimi ni fundi sanifu, niko Manyoni. Niende shahada au niendelee na kazi?

ERB inasajili mafundi sanifu pia, basi jisajili sasa. Shahada nenda ikiwa kazi unayoitaka, kama usanifu wa majengo au madaraja, haifikiki bila hiyo. Kama unapenda maabara ya udongo au upimaji, miaka miwili ya kazi nzuri yenye kumbukumbu zilizosainiwa itakupandisha haraka zaidi. Ukiamua kwenda, ondoka na barua ya mwajiri inayotaja vipimo ulivyofanya na mashine ulizotumia, si ile ya “alikuwa mwaminifu na mchapakazi” peke yake.