Usilipe hela ya klabu mpaka uione ikifanyika

Dada wa Tabata, usilipe! Kama hiyo hela bado iko kwenye simu, iache hukohuko. Umesema binti yako yuko kidato cha pili, shule imewagawia wazazi karatasi yenye klabu 12, na ukilipa ya mwaka mzima kabla ya Ijumaa unapata punguzo. Halafu unatuuliza achukue klabu gani, sare zinapatikana wapi na kama atabakiwa na muda wa kujiandaa na upimaji wa kitaifa. Subiri kwanza. Hiyo klabu ipo?

Kijana wangu alitaka muziki. Shule ya binafsi, ya kutwa, jina lake silitaji. Kwenye kikao cha wazazi, mratibu wa klabu alituwekea picha kwenye projekta: watoto wameshika magitaa, vinanda vimepangwa mstari, mwalimu kavaa tai. Akasema nafasi zimebaki chache. Nikalipa Sh 400,000 kwa mkupuo na kitabu cha nota juu yake. Baadaye sana ndiyo nikajua zile picha hazikupigwa pale shuleni.

Siku moja ya masika, maji yamejaa barabarani, niliamua kumfuata mtoto mwenyewe. Sikumwambia mtu. Nikaelekezwa darasa la mwisho kwenye korido. Kinanda kilikuwa kimoja, kimepandishwa juu ya kabati, waya wa umeme hakina. Mwalimu wa zamu amekaa mbele anasahihisha madaftari ya hesabu. Nyuma, watoto walikuwa wamechora kinanda kwa chaki juu ya dawati: vitufe vyeupe wamevijaza chaki, vyeusi wameacha mbao tupu. Mwanangu anabonyeza kwa vidole huku akitoa sauti ya kila kitufe kwa mdomo, wenzake wamejipanga wanasubiri zamu. Mwalimu wa muziki, aliyekuwa akija kutoka nje ya shule, alishaacha kuja tangu mwanzoni mwa muhula, hakuwa analipwa. Hakuna mzazi aliyeambiwa.

Nilipomfuata mratibu, akanifungulia fomu na kuniwekea kidole kwenye mstari: malipo hayarudishwi. Hata pole hakunipa. Yule bwana alijua tangu siku ya kwanza mwalimu hayupo, na bado alikuwa akiwatumia wazazi ujumbe wa kuwakumbusha kumalizia michango! Hasira yangu haijaisha, na hela si sababu kubwa. Mtoto alinyamaza muda wote ule kwa sababu aliogopa nikijua nitamtoa, na yeye muziki anaupenda kweli.

Na gharama haikuishia hapo. Basi la shule lilikuwa linaondoka saa tisa na nusu, watoto wa klabu wanabaki mpaka saa kumi na moja. Jioni makonda wanawakwepa wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo, unawajua. Kwa hiyo kila siku ya klabu nililipa bodaboda, ili mtoto akabonyeze dawati.

Sasa nisikilize. Nenda siku ya klabu, wiki ya tatu au ya nne ya muhula, bila kupiga simu. Usiende wiki ya kwanza, wiki ya kwanza kila klabu inapendeza. Fika saa kumi, simama mlangoni, angalia nani anafundisha na watoto wameshika nini mikononi. Mwite mtoto yeyote umuulize wiki iliyopita walifanya nini. Akieleza bila kuvuta kumbukumbu, lipa, tena muhula mmoja tu. Akianza kuwatazama wenzake, geuza uondoke na hela yako.

Wala usitishwe na bei. Roots & Shoots, klabu ya vijana ya mazingira ambayo leo iko nchi nyingi duniani, ilianzia hapahapa Dar mwaka 1991, na wanafunzi 12 waliokutana barazani kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe. Skauti, mdahalo, klabu ya wapinga rushwa, zote zinasimama kwa mwalimu mlezi mmoja mwenye moyo, na akihamishwa zinakufa hata kama karatasi bado inazitaja. Wakikuambia michezo, uliza mwaka jana walipeleka timu UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, au hawakupeleka, na kocha wa timu hiyo bado yupo?

Habari za sare watakujibu wengine. Wewe niambie tu klabu za hapo ni siku gani. Kama unaona aibu kwenda kusimama mlangoni peke yako, mimi niko Segerea, si mbali na kwako. Tutakwenda wote.