Maji ya jaruba Minamiuonuma: kwa anayeanza kazi

Ukifika kulima mpunga Minamiuonuma, mkoa wa Niigata nchini Japani, mwezi wa Aprili, theluji bado iko milimani na kazi ya kwanza ni mifereji. Wenyeji hukutana asubuhi na makoleo, wakazoa matope na majani. Nenda hata kama hujaitwa. Lango la maji la jirani usiliguse kamwe, hata ukiona maji yanamwagika; mwite mwenyewe.

Miche hupandwa kwa mashine katikati ya Mei, mistari ikiachana sm 30, miche 3 au 4 kila shina, kina cha sm 2 hadi 3. Kabla ya hapo zunguka matuta yote kwa miguu. Fuko hutoboa tuta, na tundu la upana wa kidole linatosha kukutolea maji pamoja na dawa ya magugu.

Ukishapanda, weka maji sm 3 au 4 mpaka miche ishike, kisha yapunguze kidogo. Fungulia alfajiri au jioni. Ukifungulia mchana, maji ya theluji hulipoza jaruba saa ileile jua linapolipasha joto, na machipukizi huchelewa.

Wageni wengi hukosea zaidi kwenye kukausha jaruba katikati ya msimu. Koshihikari, mbegu inayolimwa sana huko, ni ndefu. Naitrojeni ikizidi, mpunga hulala kabla ya kuvunwa; ndiyo maana jaruba hukaushwa. Mwezi mmoja hivi baada ya kupanda, hesabu machipukizi. Yakifika asilimia 80 ya unayoyataka, toa maji. Usingoje yatimie, kwani huendelea kuongezeka siku kadhaa. Chimba vijifereji kila baada ya mistari 8 hadi 10, vyote vifike kwenye tundu la kutolea maji. Kisichofika ni kazi bure.

Ng'oa shina moja uliangalie. Mizizi myeupe au ya rangi ya kutu ni mizima. Ikiwa myeusi na inanuka yai viza, imekosa hewa: usichelewe kukausha. Koma pale unyayo unapoacha alama bila kuzama na nyufa zimefika sm 1. Zikizidi hapo hukata mizizi, na jaruba halishiki maji tena.

Mashuke hutoka mwanzoni mwa Agosti, na hapo mpunga una kiu kweli. Toa maji ya mwisho siku 25 hivi baadaye. Ukiwahi, punje hazijai. Ukichelewa, mashine ya kuvunia inazama.