Sauti imekwaruza wiki ya 5 sasa: niende Dar au niache kuimba?

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naimba na bendi ya watu 5 kwenye ukumbi wa baa hapa Mtwara, Alhamisi mpaka Jumapili, saa 3 usiku hadi saa 8. Tunapiga rumba na kopi za bongo fleva. Wiki ya 5 sasa sauti imekwaruza, juu haifiki. Mwenye ukumbi analipa anapojisikia, na hela za kutunzwa anachukua nusu. Mama anataka niache. Rafiki yangu ananiita Dar, anasema muziki uko huko. Nishike lipi?
Mwimbaji, Shangani

Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari za Dar, lakini kilichonishtua kwenye barua yako ni hizo wiki 5. Sauti iliyoharibiwa na mafua kwa kawaida hurudi ndani ya wiki 2. Ikipita wiki 3 haijarudi, tangawizi na limau hazina kazi tena hapo. Nenda hospitali ya Ligula wiki hii, uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo, au upewe rufaa ya kumfikia. Mwambie wazi kwamba unaimba kwa riziki. Azitazame nyuzi za sauti zenyewe, kwa kioo kidogo au kamera nyembamba inayopitishwa puani. Kumulikwa tochi mdomoni hakutoshi, kwa sababu nyuzi ziko chini ya pale tochi inapofika. Waimbaji wengi hukutwa na uvimbe au vinundu, vinavyotokea nyuzi zikigongana kwa nguvu usiku baada ya usiku. Vikiwa vichanga, mara nyingi hupungua kwa mapumziko na kwa kurekebisha uimbaji, bila kupasuliwa. Ukikohoa damu, ukashindwa kumeza au pumzi ikabana, usingoje miadi.

Mpaka uonwe, usiimbe. Tafuta wa kukushikia nafasi, hata kama utakosa hela ya wiki 2. Usinong'one pia, maana kunong'ona kwa nguvu kunazichosha nyuzi. Ongea kidogo, kwa sauti yako ya kawaida. Na usimeze dawa ya maumivu ili upande jukwaani, kwa sababu maumivu ndiyo yanayokuambia uache.

Daktari akikuruhusu kurudi, usirudi kwenye usiku uleule. Saa 5 za kuimba mtu mmoja, siku 4 mfululizo, ni nyingi mno. Omba awamu 3 za dakika 45, kati yake dakika 20, na wenzako wa bendi wabebe nyimbo kadhaa. Anza na nyimbo za chini, nzito ziweke awamu ya pili koo likiwa limepata moto. Wimbo unaokunyonga mwambie mpiga gitaa aushushe ufunguo kwa nusu toni au toni nzima; mteja hatajua, koo lako litajua. Kabla ya kutoka nyumbani, chukua glasi ya maji na mrija, zamisha mrija sentimita 2 au 3, kisha toa sauti ya "uuu" kupitia mrija huo, ukipanda na kushuka taratibu kwa dakika 5.

Sasa spika. Wengi hupaza kwa sababu hawajisikii, siyo kwa sababu wimbo unataka. Monita (spika yako ya kujisikilizia) ikae sakafuni mbele yako, ikutazame usoni, yaani iwe upande wa nyuma wa maiki, ambako maiki nyingi za jukwaani hazinasi sauti sana. Usifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja: itapiga mluzi, fundi atashusha sauti, nawe utaanza kupiga kelele. Iweke vidole 2 kutoka mdomoni kwenye mistari ya chini, uisogeze mbali kidogo unapopanda.

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja: mapumziko unakaa wapi? Ukizunguka meza za wateja kuongea kwa kushindana na muziki wa DJ, hapo ndipo sauti inapomalizikia. Wasalimie kwa mkono, ukae nje na maji yako. Pombe na moshi wa sigara viache kabisa kwa sasa, na usile pilau saa 8 usiku kisha ulale. Asidi ikipanda inaunguza koo.

Kuhusu malipo, usigombane. Andika karatasi moja, au ujumbe wa WhatsApp naye ajibu "sawa": kiasi kwa usiku, saa za kuanza na kumaliza, siku ya kulipwa, hela za kutunzwa zinagawanywaje, na nani analipa bajaji ya kukurudisha. Nusu uipate kabla ya awamu ya kwanza. Kutunzwa ni mkono wa mteja kwako na kwa bendi, na mimi sioni kwa nini mwenye ukumbi achukue nusu wakati bia anauza yeye. Mazungumzo haya yafanye msimu wa korosho unapoanza, Oktoba, hela ikiwa mjini na kumbi zikigombea bendi. Machi hutakuwa na nguvu hiyo.

Mama yako msikilize vizuri. Huenda kinachomnyima usingizi ni wewe kurudi saa 8 na bodaboda usiyemjua, kuliko muziki wenyewe. Mpe namba ya dereva mmoja wa kudumu, na saa ya kufika.

Dar nenda, ila siyo kwa neno la rafiki na siyo na koo hili. Pata kwanza ukumbi uliokuthibitishia wenyewe usiku 2 kwa wiki, nauli ya kurudi iwe mfukoni, wala usiende Ramadhani, kwani kumbi nyingi hupoa. Ukiwa na nyimbo zako mwenyewe, zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujampa mtu yeyote. Kopi haziwi zako hata ukiziimba miaka 10.

Ukishaonwa Ligula, niandikie daktari amekuta nini kwenye nyuzi.