Jibu: Blanketi la viraka linavimba katikati, kona za pindo zina uvimbe

Habari dada. Umesema viraka vya kitenge vimeungana vizuri, ila ukishona kwa mkono kupitia tabaka zote tatu, juu panavimba na nyuma panajikunja. Sijaona picha ya nyuma, lakini kwanza kagua bandi, yaani mishono mirefu ya muda inayoshikilia tabaka. Zikiachana zaidi ya sentimita 10, tabaka huteleza, na sindano inasukuma kitambaa cha ziada mbele.

Usifumue kazi yote. Fumua palipovimba tu, kisha tandaza kitambaa cha nyuma sakafuni, upande mzuri chini, na ukibane kwa utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape) kikiwa kimenyooka, kisivutwe. Ukikivuta, kitarudi ukikiachia na mikunjo itakuwa palepale. Laza pamba na viraka vya sehemu uliyofumua juu yake, piga bandi upya kuanzia katikati kwenda nje. Mishono yenyewe ifuate njia hiyohiyo. Ukianzia pembeni, kitambaa cha ziada kinanaswa katikati.

Kuhusu kona: kata utepe wa kitambaa cha pindo wenye upana wa sentimita 6, ukunje katikati kwa urefu, ushone milimita 8 kutoka ukingoni. Simama milimita 8 kabla ya kona, funga uzi, kunja utepe juu uwe pembetatu, urudishe chini sambamba na ukingo unaofuata, endelea. Punguza pamba iliyojaa konani. Geuza utepe uende nyuma, umalizie kwa mkono, mishono midogo. Na vaa subana (kikofia cha kukinga ncha ya kidole), kitenge kipya kina wanga na kinaumiza kidole.